Mafundi wa turbo, acheni kuseti gari kwa sensa ya kiwandani, mnaua injini za watu!

Wakuu, nisomeni hadi mwisho, nina hasira kweli.

Nina Forester ya mwaka 2000, injini EJ20 ya turbo. Niliipeleka gereji moja hapa Dar (jina naliacha, bado tunadaiana) waipandishe busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini. Wakafunga kidhibiti cha busti, wakachomeka kile kisaa cha vitaa vya rangi kwenye waya wa oksijeni sensa (ile inayonusa oksijeni kwenye moshi wa eksozi) ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, tukatoka kuijaribu barabarani. Kila nikikanyaga, vitaa vya kijani vyote vinawaka. Fundi ananiambia, "Kaka, mafuta ya kutosha, gari imekaa sawa." Nikalipa. Nikiwa njiani kwenda Morogoro injini ikaanza kugonga, moshi wa bluu nyuma, nguvu hakuna. Kufungua, pistoni ya silinda namba 4 imemeguka pale zinapokaa ringi. Sasa wananiambia eti petroli ya sheli ilikuwa mbovu.

Hapana! Sensa ile haikuwahi kusema mafuta yanatosha, kwa sababu haina uwezo huo. Inajua kitu kimoja tu: mchanganyiko uko upande gani wa 14.7, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Mafuta yakipungua inatoa kama volti 0.1, yakizidi kama 0.9, na katikati, kwenye 0.45 hivi, inaruka ghafla. Imewekwa pale ili gari ikitembea taratibu kompyuta icheze karibu na 14.7 na masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, yafanye kazi yake. Ukikanyaga hadi chini, kompyuta yenyewe inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali lake. Kama kiwanda hakiitegemei kwenye busti, wewe fundi umeitegemea kwa lipi?

Injini ya petroli yenye turbo ikiwa kwenye busti kubwa inataka hewa kama 11 hadi 12 kwa 1 ya mafuta, kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza chumba cha mwako na kuzuia mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati. Na huko ndiko sensa ya kiwandani inakolala kabisa. Kati ya 11.5 na 13 volti zinatofautiana kidogo mno, na joto la sensa peke yake linaweza kuzisogeza kiasi hichohicho. Kitaa cha kijani ni kilekile, ila moja ni injini salama na nyingine ni pistoni imemeguka. Ni kumpima mgonjwa homa kwa kiganja kisha kumwandikia dozi.

Hiyo habari ya petroli ndiyo inanichoma zaidi. Turbo hizi za Japani zilisetiwa kwa petroli yao ya daraja la juu, oktani (uwezo wa petroli kustahimili bila kujilipukia) karibu 100. Yetu iko chini ya hapo, na kila fundi wa turbo mjini anajua. Kwa hiyo nafasi ya usalama ilishapungua kabla hujagusa kitu. Anayejua hivyo anarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kwanza, haongezi busti halafu akalaumu sheli!

Waidibendi zipo, yaani sensa zinazopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta. Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake vinaagizwa mtandaoni, inakupa namba kamili. Inafungwa baada ya turbo, siyo kabla, maana presha na joto la huko vinaipotosha na kuiua mapema. Na iinamishwe ili maji ya eksozi yasiifikie. Hata hiyo inadanganyika. Eksozi ikivuja kabla yake, au plagi moja ikikosa kuwasha, inaona oksijeni na kusema mafuta pungufu hata kama yamejaa. Ndiyo maana namba zake zinarekodiwa pamoja na mzunguko wa injini na busti, kisha mtu anakaa kuzisoma. Hiyo ndiyo kazi tunayowalipa.

Nawataka hao jamaa wanirudishie hela ya kuseti na wachangie pistoni. Wengine wenu mnaotaka kupandisha busti, kabla hujatoa hata shilingi omba kuonyeshwa waidibendi na rekodi ya gari iliyotangulia. Akikuonyesha vitaa, chukua ufunguo wako uondoke.

Mwenye kumjua fundi wa Dar au Arusha anayefunga waidibendi na kumkabidhi mteja rekodi yake, amtaje hapa chini tafadhali.