Kibanda cha gemu mmekifunga. Na waya wa pasi je?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Jumapili tuliitwa mkutano wa mtaa, huku kwetu Ngamiani, Tanga. Wiki moja kabla, mtoto wa miaka 14 alimpasua mwenzake kichwa kwa chupa ya soda, wakigombea zamu ya kucheza gemu. Aliyepigwa kashonwa nyuzi tisa. Saa mbili nzima wimbo ulikuwa mmoja: gemu za kuuana na picha za mapigano za kibanda umiza ndizo zinazotuharibia watoto. Mikono ikanyooshwa, jioni ileile kibanda kikatiwa kufuli, watu wakarudi makwao wameridhika.

Yule mtoto aliyempasua mwenzake, mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mwaka wa tatu huu namwona na sweta. Sweta, Tanga, mwezi wa pili, joto ambalo hata shuka hulitaki! Siku moja bombani alikunja mikono anyanyue ndoo, nikaona. Alama za waya wa pasi, tena uliokunjwa mara mbili, maana kila alama ilikuwa na kichwa cha mviringo kama kitanzi. Nyingine zilishakuwa nyeusi, nyingine mbichi. Nikamuuliza. "Nimeanguka, shangazi," akashusha mkono wa sweta.

Nilikwenda kwa mjumbe. Akanijibu: dada yangu, yule anamfunza adabu mtoto wa mkewe, ya nyumba ya mtu yaache humohumo. Nikaenda ofisi ya mtaa, nikaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu ngapi zimepita! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua mtoto anateswa atoe taarifa serikali za mitaa. Mimi nilitoa. Na aliyeniambia njoo Jumatatu ndiye aliyesimama mkutanoni kutufokea kuhusu picha za mapigano.

Akainuka mwalimu mmoja, akasema Wamarekani wameshafanya utafiti, mtoto huiga anachokiona. Nimeutafuta, upo kweli. Albert Bandura, chuo cha Stanford, 1961, watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akimtandika mdoli mkubwa wa kujazwa upepo, na walipoachwa na mdoli nao wakamtandika vilevile, hadi maneno yake wakayarudia. Lakini mwalimu, mbona hukuisema yote? Mara ile ya kwanza hapakuwa na filamu. Alikuwa mtu mzima mwenyewe, yumo chumbani, anapiga, watoto wanatazama. Filamu waliijaribu baadaye, 1963, na watoto waliiga pia, hilo silikatai.

Na kibanda kile nami nilikuwa na ugomvi nacho. Mtoto wa miaka sita kukaa saa nne za usiku akiangalia mtu anachinjwa, huo ni uzembe wetu wazazi, na mwenye kibanda alimpokea kwa sababu ya mia mbili yake. Wekeni umri, wekeni saa, nitanyoosha mkono wa kwanza.

Ila msinifanye mjinga. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walishapigwa ngumi, mateke au bakora kabla ya miaka 18, na wapigaji wengi walikuwa ndugu na walimu wao. Mwaka 2009! Simu ya kupangusa mtaani kwetu alikuwa nayo nani?

Mwaka jana kibaka alipigwa mawe hapa barabarani, watoto wametoka chuoni na juzuu mikononi, wamesimama mstari wa mbele. Hakuna mzazi aliyewaambia fumbeni macho. Hakuna mkutano ulioitwa. Baadhi ya mikono iliyorusha mawe siku ile niliiona Jumapili ikinyooshwa kupiga kura.

Sasa yule mtoto yuko mahabusu ya watoto, na baba wa kambo yuko barazani anacheza bao. Namba 116, ile ya simu ya msaada kwa watoto, nimepiga, wamenisikiliza vizuri. Anayejua ustawi wa jamii hapa Tanga mtu anaanzia dirisha gani aniambie leo, siyo Jumatatu. Mdogo wake ana miaka saba, yumo nyumba ileile, na asubuhi hii kaenda shule na sweta.