asyncio: foleni ikijaa, kazi moja inashika lupu na nyingine hazipati zamu

mkomani_kodi
Salaam aleikum wajuzi. Programu ni ya Python 3.11, inatumia asyncio (maktaba ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu ndani ya uzi mmoja), na inapokea nafasi, yaani mahali zilipo, za boti za Mokowe, Shela na Matondoni huku Lamu. Ndani ya lupu moja, yaani mgawa zamu wa asyncio, kuna kazi tatu: msomaji anatia ujumbe kwenye foleni, mchakataji anautoa, na ya tatu hutuma ishara ya uhai kila sekunde 5. Boti ikirudi hewani baada ya mtandao kukatika, inamwaga kwa mpigo mmoja nafasi zote ilizohifadhi, 4000 hadi 6000, na msomaji anaziingiza zote kwa `put_nowait`, yaani bila kungoja. Hapo ishara ya uhai hukwama sekunde 8 hadi 12, na seva ya upande wa pili inakata muunganisho.

Mchakataji ni huyu:

```
while True:
    ujumbe = await foleni.get()
    chakata(ujumbe)
```

`chakata` ni funksheni ya kawaida, huchukua kama milisekunde 2. Mbona `await` ipo na bado hapishi mtu?

fundi_wa_shela
Waaleikum salaam. Hesabu yako yenyewe imeshajibu: ujumbe 4000 kwa milisekunde 2 ni sekunde 8, na 6000 ni 12. Maana yake mchakataji anamaliza foleni nzima bila kupisha hata mara moja.

`await` si amri ya kupisha. Ni pahali pa kupishania tu, kama upenyo wa kichochoro cha Mkomani: punda husimama hapo njia ikiwa imezibwa, ikiwa wazi anapita moja kwa moja. `foleni.get()` husimama foleni ikiwa tupu. Ikiwa na kitu, inakirudisha papo hapo na udhibiti haurudi kwenye lupu kamwe. `Lock.acquire()` ya kufuli lisiloshikwa na mtu ni vivyo hivyo.

Kupisha kwa hakika ni `await asyncio.sleep(0)`. Kazi inawekwa mwisho wa foleni ya walio tayari. Kila mzunguko lupu hutazama soketi, huingiza saa zilizotimia, kisha huhesabu walio tayari na kuwaendesha hao tu. Anayejiunga katikati anangoja mzunguko ufuatao. Ndiyo maana hakuna anayerukwa, mradi kila mmoja apishe.

Pisha kwa muda, usipishe kwa idadi, maana ujumbe mmoja unaweza kuwa mzito kuliko mwingine:

```
mwanzo = time.monotonic()
while True:
    ujumbe = await foleni.get()
    chakata(ujumbe)
    if time.monotonic() - mwanzo > 0.02:
        await asyncio.sleep(0)
        mwanzo = time.monotonic()
```

bandari_ndogo
Sawa kabisa, lakini mimi ningeanzia kwenye foleni. Foleni isiyo na kikomo ndiyo iliyoruhusu rundo hilo. Weka `asyncio.Queue(maxsize=50)`, na msomaji atumie `await foleni.put(u)`. Ukibaki na `put_nowait`, foleni ikijaa itarusha kosa la `QueueFull`. Kwa kikomo hicho mchakataji anatoa 50, anakuta patupu, anasimama, na lupu inapata nafasi kila milisekunde 100 hivi, hata bila `sleep(0)`. Kumbukumbu ya mashine nayo haivimbi.

Kabla ya kubadilisha chochote, washa `PYTHONASYNCIODEBUG=1`. Kila hatua itakayoshika lupu zaidi ya milisekunde 100 itaandikwa kwenye logi: jina la kazi, mstari wa faili, na sekunde ilizokaa. Kiwango hicho unaweza kukishusha kwa `loop.slow_callback_duration = 0.02`.

mkomani_kodi
Ahsanteni sana. Na `chakata` ikija kuwa nzito, tuseme sekunde 3 kwa ujumbe mmoja? Na kwa nini lugha yenyewe isimnyang'anye mchakataji zamu?

fundi_wa_shela
Sekunde 3 ndani ya funksheni moja, `sleep(0)` ya nje haina la kufanya. Ipeleke kwenye uzi mwingine kwa `await asyncio.to_thread(chakata, ujumbe)`. Kama ni hesabu tupu za Python, kufuli kuu la mkalimani (GIL), linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, bado lipo: nyuzi zinapokezana kila milisekunde 5, kwa hiyo lupu itapumua lakini kazi haitaisha mapema. Kutaka kasi, tumia `ProcessPoolExecutor`, inayogawa kazi kwa michakato tofauti. Na ukiwa ndani ya uzi mwingine usiguse foleni ya asyncio moja kwa moja, pitia `loop.call_soon_threadsafe`.

Zipo lugha zinazonyang'anya. Go tangu toleo 1.14 la mwaka 2020 hukatiza hata kitanzi kisichoita funksheni yoyote, baada ya kama milisekunde 10. Kabla ya hapo kitanzi cha namna hiyo kiliweza kukwamisha programu nzima. Erlang humhesabia kila mchakato hatua zake, na zikifika 4000 hivi unawekwa kando.

asyncio imechagua njia nyingine, na ina faida yake: kati ya kusimama kumoja na kwingine hakuna kazi ya lupu itakayogusa data yako. Kwa hiyo angalia sana unapoipachika `sleep(0)`. Ukiiweka baada ya kubadilisha latitudo na kabla ya longitudo, kazi nyingine itasoma boti iliyo nusu hapa, nusu kule. Iweke chini ya kitanzi, ujumbe ukishakamilika.