Naomba ushauri: dada yangu abaki kwenye ushuru wa mauzo au ahame?

Habari zenu ndugu. Dada yangu anauza nafaka kwa jumla Nyamakima, Nairobi, mauzo yake ni kama shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kwa hivyo yuko kwenye ule ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kinachoniuma ni kwamba ushuru huu hauangalii faida. Gunia la maharagwe akiliuza 10,000, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inachukua 300, na hapo hajalipa makuli, lori wala kodi ya duka. Kuna magunia anayouza kwa faida ya 500 tu! Sipingi kulipa, barabara na hospitali tunazitaka sote. Ila hesabu hii inamkaba.

Najua sheria inamruhusu kuomba kwa maandishi ahamie ushuru wa mapato wa kawaida, akatwe kwenye faida. Lakini huko viwango vinaanzia asilimia 10 hadi 35, na risiti za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, ni lazima, ilhali wakulima anaonunua kwao hawana.

Aliyehama, ilikuwaje? Na akikaribia milioni 5, mambo ya VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ajipangeje?