Mshale wa geji ya joto unapanda usiku, lakini injini haichemshi

Muulizaji
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaendesha pikapu ya zamani ambayo sensa yake ya joto ina waya mmoja tu. Mchana mshale hutulia katikati, lakini usiku hupanda hadi kukaribia alama nyekundu ilhali maji hayapungui wala hakuna mvuke. Fundi amekwisha kubadilisha sensa na thamostati (vali ya maji ya kupozea injini) bila mafanikio, na sasa anashauri ninunue dashibodi nzima. Je, kuna njia ya kujua kasoro iko wapi kabla sijatoa fedha hizo?

Spana Kumi
Ndugu, usinunue kitu kwa sasa. Kwanza hakikisha kwamba injini haina joto la kupita kiasi, maana wapo waliounguza gasketi huku wakiilaumu geji. Kagua maji injini ikiwa imepoa (kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa moto, kwani maji yaliyo kwenye shinikizo huruka na kuunguza), kisha iwashe mpaka ipate joto lake na upime kwa kipimajoto cha miale pale inapokaa thamostati. Thamostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, kwa hiyo ukipata 90 hivi wakati mshale uko karibu na nyekundu, geji inakudanganya.

Baada ya hapo washa swichi ya ufunguo na uchomoe waya wa sensa. Kwa mfumo wako mshale unapaswa kushuka hadi chini kabisa, na ukiugusisha waya huo kidogo tu kwenye chuma kitupu cha injini, unapaswa kuanza kupanda; ukishauona unapanda, ondoa waya mara moja usije ukaichoma geji. Ukinzani wa sensa (jinsi inavyozuia umeme kupita) hupungua kadiri joto linavyoongezeka, ndiyo maana waya uliogusa erthi (chuma cha gari ambacho umeme hupitia kurudi kwenye betri) huonekana kwa geji kama joto kali mno. Mshale ukigoma kushuka hata waya ukiwa hewani, ama waya umechubuka na kugusa bodi, ama tatizo liko kwenye dashibodi.

Fundi wa Umeme
Ninaungana na aliyetangulia, ila mimi ningeanzia kwenye huo usiku. Injini haijui kama jua limezama. Kinachobadilika ni taa. Erthi ya dashibodi ikishika kutu, umeme wa taa za dashibodi hukosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri, ukapenya kupitia geji na sensa zake, na mishale ikapanda bila sababu. Simamisha gari mchana, injini ikiwa na joto lake, uwashe na kuzima taa huku ukiutazama mshale wa joto pamoja na ule wa mafuta. Yote miwili ikisogea kwa pamoja, sensa haina hatia. Kisha, taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya multimita (kipima umeme) kwenye erthi ya dashibodi na nyingine kwenye hasi ya betri: usomaji unaozidi voti 0.2 si wa kawaida.

Msomaji wa Kudumu
Kwa wenye magari mapya watakaosoma hapa: sensa ya waya mbili inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini isijaribiwe kwa kugusisha waya kwenye bodi. Tumieni mashine ya kusomea hitilafu, na ikionyesha nyuzi hasi 40 injini ikiwa moto, kwa kawaida mzunguko wa sensa umekatika au plagi yake imechomoka.

Muulizaji
Nashukuru sana. Mishale yote miwili ilipanda nilipowasha taa, na multimita ilisoma voti 1.1. Skrubu ya erthi nyuma ya dashibodi ilikuwa imelegea na kuota ukungu wa kijani. Nimeipiga msasa pamoja na bodi pale inapokaza, na sasa mshale hausogei, taa ziwake zisiwake. Je, niirudishe sensa ya zamani?

Fundi wa Umeme
Iache mpya ilipo, mradi iwe ya aina inayolingana na geji yako, kwa sababu sensa zenye nyuzi za skrubu zinazofanana zinaweza kutofautiana ukinzani. Utakapopata nafasi, kagua pia waya mnene wa erthi kati ya injini na bodi, kwa kuwa sensa ya waya mmoja hutegemea njia hiyo.