WRX inatikisika sailensa: moshi, dawa ya kupuliza au skana?

BoksaWaMasaka
Wakubwa, habari za kazi. Nina Impreza WRX ya 2003, injini EJ205, ilitoka Japani moja kwa moja. Ikishapata moto, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) haitulii, mshale wa mizunguko kwa dakika unacheza kati ya 600 na 900. Nikikwama kwenye foleni ya Wandegeya ndiyo inataka kuzima kabisa, lakini nikikanyaga mafuta inanyooka. Plagi na koili ni mpya. Nahisi inavuta hewa mahali. Gereji moja wanataka kupiga moshi, yaani kuuingiza kwenye njia ya hewa waone unapotokea, fundi mwingine anasema chupa ya dawa ya kabureta inatosha, jirani ananisukuma ninunue skana ya kusoma kompyuta ya gari. Mwezi huu hela ni ya kitu kimoja tu. Mngeanza na kipi?

Fundi_Ndeeba
Dawa ya kupuliza. Injini inawaka, unapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), gaskiti ya throto (mlango wa hewa), mipira midogo yote. Mlio ukibadilika, umepata. Mengine ni kula hela za watu.

mamaTurbo_Jinja
Fundi, heshima yako, lakini hii ni turbo. Kwenye EJ turbo imekaa nyuma upande wa kulia, na paipu inayoipelekea moshi inachemka vibaya. Dawa ile inashika moto. Halafu nusu ya mipira iko chini ya manifodi, dawa haifiki. Na ole wake anayechukua dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikiungua inatoa gesi ya fosijeni, hiyo inaua. Ukitaka kupuliza, tumia maji kwenye chupa ya saluni. Maji yanaziba ufa kwa sekunde chache na sailensa inabadilika papo hapo.

Fundi_Ndeeba
Maji nakubali. Bado ni rahisi kuliko moshi.

arua_rs
Mnabishana namna ya kutafuta tundu kabla ya kujua kama tundu lipo. Soma kwanza kompyuta inaongeza petroli asilimia ngapi. Pima mara mbili: sailensa, halafu shikilia mizunguko 2,500. Gari hii inapima hewa kwa sensa ya MAF, kwa hiyo hewa inayoingilia nyuma ya sensa haijahesabiwa. Sailensa injini inavuta hewa kidogo, ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa, kompyuta inaongeza petroli nyingi. Ukipandisha mizunguko, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Ikiwa kinyume, nyongeza inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu, filta ya petroli au MAF chafu. Zote mbili zikiwa karibu na sifuri, sahau mambo ya hewa, pima kompresheni.

Tahadhari: wenye Honda B16 msiige hesabu hii. Zile zinatumia MAP, sensa inayopima presha ya manifodi, zikivuja sailensa inapanda na namba hazisogei sana.

Na usinunue skana ya Bluetooth ya bei ya chee. Subaru za Japani za miaka ile nyingi hazielewani nayo, zinaongea SSM, lugha ya Subaru wenyewe. Tafuta waya wake na kompyuta ya mapajani, programu ya FreeSSM ni ya bure.

BoksaWaMasaka
Nimeazima waya kwa rafiki. Sailensa +14, kwenye 2,500 inashuka mpaka +2.

arua_rs
Basi inavuta hewa. Hapo hakuna ubishi.

mzee_wa_geji
Vijana mmesahau geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifodi. Ila someni kwa akili. Vitabu vinasema injini nzima isome inchi za zebaki 17 mpaka 22, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Kampala tuko kama mita 1,200, toa karibu inchi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo 14 au 15 hapa si ugonjwa, na Kabale ni chini zaidi. Kuna injini zimefunguliwa bure mji huu kwa sababu fundi alisoma kitabu cha watu wa pwani. Mshale ukiwa chini lakini umetulia, ni hewa au taimingi. Ukidondoka kwa mpigo sawasawa, shuku valvu.

mamaTurbo_Jinja
Geji naipenda, mzee, ila haisemi tundu liko wapi. Moshi unasema. Unaziba upande wa MAF, unafungua throto, unaingiza moshi kwa presha ndogo, psi 1 hivi, usizidishe. Unasubiri, unazunguka na tochi.

Boksa, namba zako zinakuokolea hela. Paipu ya kabla ya turbo ikipasuka, tatizo linakua ukikanyaga. Intakula (kipoza hewa ya turbo) ikivuja, sailensa haijali sana, utaona moshi mweusi turbo ikipuliza. Yako inakuja sailensa tu, kwa hiyo tafuta baada ya throto: gaskiti za manifodi, oringi za noseli, mpira wa busta ya breki, mipira ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini). Na usidharau kifuniko cha oili na kijiti chake, kwenye gari ya MAF hewa ya huko nayo inaibwa. Swali moja: ina BOV, valvu ya kutoa presha ya turbo, ya kupiga chafya nje?

BoksaWaMasaka
Ndiyo dada, ilikuja nayo. Sauti yake ndiyo iliyonifanya niinunue 😅

mamaTurbo_Jinja
Anza hapo, na usilipe mtu. Springi ikiwa laini, vakyumu ya sailensa inaifungua na inavuta hewa ambayo MAF haikuiona. Rudisha ya kiwandani au ziba tundu lake kwa muda, usome tena. Ikibaki +14, hapo sasa kalipe moshi.

Fundi_Ndeeba
Ya kiwandani utaipata Kisekka, kwa wauza spea wa Kampala. Angalia kiwambo cha ndani kabla ya kutoa hela, nyingi zimepasuka.

arua_rs
Na ukimaliza, futa kumbukumbu ya kompyuta, la sivyo itaendelea kumimina petroli ya +14 kwa muda na utadhani umeharibu kitu kingine. Iache iwake sailensa mpaka feni izunguke, ndipo usome.