Naomba ushauri: kumwita Mungu katika sala ya pamoja

Wapendwa, naandaa mwongozo mfupi kwa wanaoongoza sala ya pamoja. Kinachonisumbua ni kuchanganya Nafsi za Mungu (Baba, Mwana na Roho Mtakatifu): mtu anaanza "Ee Baba", katikati anasema "asante kwa kufa msalabani", anamalizia "kwa jina lako". Aliyekufa ni Mwana, na Yohana 16:23 inaelekeza kumwomba Baba kwa jina la Yesu. Ila Stefano alimwita Bwana Yesu moja kwa moja (Matendo 7:59), hivyo hilo sitalizuia. Ninachopendekeza: mwite Mungu, taja sifa yake moja inayogusa ombi (mgonjwa akiombewa, "Mponyaji wetu"), omba, kisha funga kwa jina la Yesu. Anayechanganya nimrekebishe vipi, na lini, asije akaogopa kuomba kwa sauti?