Naomba ushauri: filta ya tcpdump inarudisha sifuri kwenye laini za PPPoE

MtotoWaNgamiani
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nipo Tanga, nahudumia mtandao mdogo wenye wateja wasiozidi 40, maduka na nyumba za Ngamiani, Chumbageni na Makorora. Wote wanaingia kwa PPPoE (njia ya mteja kuingia mtandaoni, inayofunga kila pakiti ndani ya bahasha ya ziada) kwenye seva yangu ya Linux. Wiki hii wateja wa Makorora wanalia: aliye kwenye simu ya video anaendelea vizuri, ila ukurasa mpya haufunguki. Nahisi ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Jana nilikwenda dukani kwa mama mmoja, nikaweka laptop juu ya gunia la mchele, nikaingia kwenye seva nikaandika amri ya tcpdump, programu ya kunasa pakiti zinazopita, nikiiwekea filta ya DNS (mlango wa 53) tu:

`tcpdump -ni eth1 udp port 53`

Nikamwomba afungue ukurasa. Akajaribu mara nne, nikapata sifuri. Nikiondoa filta, skrini inafurika, na maswali ya DNS nayaona yakipita humo humo! Nikiweka `-i any` (intafesi zote za seva) yanaonekana, ila nikiongeza `ether host` na MAC (anwani ya kifaa) ya rauta yake, programu inakataa kabisa. Kuna mama anapoteza wateja na mimi sielewi chombo changu. Nisaidieni.

BaharaWaRaskazone
Mkuu, nasa kila kitu kwenye faili, ukachuje nyumbani kwa Wireshark. Utasumbuka bure.

FundiMkongwe
Bahara, kwa wateja 40 faili litajaa haraka, halafu utakuwa umebeba mambo ya watu ambayo hukuyahitaji. Anachotafuta ni DNS ya mteja mmoja, basi anase hiyo tu.

Mdogo wangu Mtoto, andika `tcpdump -i eth1 -d udp port 53` usome kinachotoka. Ndiyo filta yako ikiwa imeshageuzwa kuwa maagizo ya BPF, utaratibu wa kuchuja pakiti ulioelezwa na McCanne na Jacobson mwaka 1993. Utaona `ldh [12]`, maana yake soma baiti mbili kuanzia nafasi ya 12. Kwenye Etheneti ya kawaida hapo hukaa 0x0800, yaani IP. Kwenye laini yako hapo pana 0x8864, alama ya kikao cha PPPoE. Filta inaitupa pakiti kabla hata haijafika kwenye namba ya mlango. IP yako imesogea baiti 8: sita za PPPoE, mbili za PPP. Ndizo hizo hizo zinazoifanya MTU yako (ukubwa wa juu wa pakiti) iwe 1492.

Iambie basi kuna bahasha ya ziada:

`tcpdump -ni eth1 ether host MAC_YA_MTEJA and pppoes and udp port 53`

`ether host` itangulie. Neno `pppoes` likishatajwa, kila kinachofuata kinahesabiwa kwa nafasi mpya.

MtotoWaNgamiani
Shikamoo mzee wangu. Mbona `any` ilikataa MAC?

FundiMkongwe
Marahaba. Kwa sababu `any` si Etheneti. Linux inakupa kichwa (taarifa za mwanzo wa pakiti) cha kubuni kinachofanana kwa intafesi zote, SLL au SLL2, na libpcap, maktaba inayotumiwa na tcpdump, haikubali `ether host` juu yake. DNS uliyoiona ilitoka kwenye intafesi za ppp, ambako bahasha imeshafunguliwa. Kabla ya kuandika filta yoyote, piga `tcpdump -L -i` na jina la intafesi ujue uko juu ya kiungo gani.

DadaWaKebo
Naongezea, maana hili liliwahi kunila siku mbili. Kama una skripti yako inayosoma faili za pcap (pakiti zilizonaswa), usiandike 14 kama urefu wa kichwa ukaiacha hapo milele. Soma namba ya aina ya kiungo mwanzoni mwa faili: 1 ni Etheneti, kichwa baiti 14. 113 ni SLL, baiti 16, itifaki ipo nafasi ya 14. 276 ni SLL2, baiti 20, na itifaki imehamia mwanzo kabisa. 101 ni IP tupu, hakuna kichwa. Ukinasa Wi-Fi ukapata 127, radiotap, urefu wenyewe hubadilika, unausoma kwenye nafasi ya 2 na ya 3. Na filta iliyotengenezwa na `pcap_compile` kwa kiungo kimoja usiipeleke kwenye kingine. Itengeneze upya.

MtotoWaNgamiani
Wakuu, nimeyaona! Swali moja linatoka mara tatu bila jibu, linakwenda kwenye anwani ya seva ya DNS niliyoizima mwezi uliopita. Wasifu wa PPP wa Makorora nilisahau kuubadilisha. Nimeurekebisha, mama kaunganisha upya, kurasa zinafunguka. Nawashukuru sana.

Laini ya Chumbageni inapita kwenye VLAN 20 (mtandao uliotengwa kwa lebo) kwanza. Naunganishaje zote mbili kwa `or`?

FundiMkongwe
Usiunganishe. `pppoes` ya kwanza itavuruga hesabu ya upande wa pili. Fungua tcpdump mbili, hii ya pili iwe `vlan 20 and pppoes and udp port 53`, kwa mpangilio wa bahasha kutoka nje kwenda ndani. Na usijaribu `ether[12:2] = 0x8100`, yaani kutafuta lebo ya VLAN kwa namba yake, ukiwa unanasa moja kwa moja. Kwa pakiti zinazoingia, kerneli ya Linux imeshaibandua lebo ya VLAN kabla filta haijaiona. Hiyo itakufaa kwenye faili tu.